Atakayefungua Mlango wa Mchungaji

Habari hii nilipewa na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, msimu wa mvua uliopita, alipokuja kukaa kwangu kuuguza goti. Wifi yangu ni fundi cherehani, na fundi cherehani akikosa kazi mkononi, mdomo ndio unashona. Tulikuwa tunachambua maharage. Yaani mimi nachambua, yeye anasimulia. Nimeandika kama alivyoniambia, isipokuwa pale alipotukana. Pale nimepita kimya kimya.

Alisema kanisani kwao mchungaji alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Wakati wa ugonjwa wake kazi yote ilibebwa na mwinjilisti, mwanamume mtu mzima, mvi zimeanza, ambaye hajaoa na alikwisha kusema hataoa. Zamani alikuwa fundi baiskeli. Watu walimwita Kapera wa Bwana, kwanza nyuma ya mgongo wake, halafu mbele ya macho yake, maana alipolisikia jina hilo alicheka akasema, "Afadhali mnajua mimi ni wa nani."

Aliyebaki katika nyumba ya mchungaji ni mjane. Huyo kila mtu alimwita Mama Mchungaji, wakubwa kwa wadogo. Mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, kitambaa kichwani tangu alfajiri hadi taa inazimwa. Ukipiga hodi kwake, "Karibu!" inakufikia kabla hujamaliza kutamka, na yeye nyuma yake anakuja akifuta mikono. Mlango wa nyumba ile ulipakwa rangi ya kijani mara nyingi, na kila mara rangi ilibanduka pale pale, mahali vidole vinapogonga.

Nyumba ni ya kanisa. Akija mchungaji mpya na mke wake, mjane anatoka. Si ubaya wa mtu, ndivyo ilivyo. Mama Mchungaji alikuwa na binti aliyeolewa mbali, mwenye vyumba viwili na watoto wamejaa kama dagaa. Huko ndiko angekwenda, akalale na wajukuu. Alikuwa pia na mtoto wa kiume, kifungua mimba wake, lakini huyo hakanyagi kanisani. Husema utotoni alikula baada ya wageni kushiba, basi ameona awaachie wageni na kanisa lenyewe.

Sasa baraza la wazee lilikuwa na majina mawili mezani. La kwanza ni Kapera, wanayemjua, aliyewazika wazazi wao na kuwabatiza watoto wao mchungaji akiwa kitandani. La pili ni mchungaji kijana wa mji wa jirani, mwenye mke na watoto wawili na wa tatu yuko njiani. Mwenyekiti wa wazee alikuwa mfanyabiashara wa mbao, na jina lake likawa hilohilo, Mzee Mbao. Yeye alimtaka kijana.

"Maandiko yanataka mchungaji awe na mke mmoja," alisema.

"Yanataka asizidi mmoja," akajibu mzee mwingine. "Asiye naye kabisa, amezidi wapi?"

"Wewe unacheza. Mchungaji asiye na mke atawajuaje wake zetu?"

"Hilo ndilo ninaloliogopa mimi, awajue!"

Wakacheka, lakini jambo halikwisha. Likarudishwa kwa akina mama, kama ilivyo desturi yao.

Desturi yenyewe ni hii. Kabla mchungaji hajapewa kanisa lile, akina mama wawili huenda nyumbani kwake na kukaa kutwa nzima. Wanaita Siku ya Mlango. Hawaendi kuhubiriwa wala kulishwa. Wanakaa pembeni kama mafiga, hawashiki kitu, hawasaidii, hawashauri. Wanaangalia nani anapiga hodi, nani anamfungulia, na anayefunguliwa anatoka na uso gani. Jioni wanaondoka, na neno lao mbele ya wazee lina uzito kuliko mahubiri ya majaribio, maana mahubiri mtu anaweza kuyakariri, mlango haukaririki.

Kiongozi wa akina mama alikuwa ni huyo huyo Mama Mchungaji. Akamchagua wifi yangu wafuatane.

Walianza kwa Kapera. Alipanga vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Viti vyake vinne havikuwa hata viwili vya ukoo mmoja. Lakini sufuria, anasema wifi, ziling'aa mpaka ungeweza kujitazamia meno. Akawapa chai yenye sukari ya kumuua nyuki.

Wifi yangu hajawahi kuona kidonda asikitie kidole. Akamwambia, "Mwinjilisti, chai hii inalia. Inataka mke."

"Inataka maji, mama," akasema Kapera, akaiongezea maji.

"Sasa tuambie kweli. Ulikataliwa?"

"Sikukataliwa. Nilipenda, na nilipendwa." Akavuta kiti akakaa. "Lakini mimi nina ubovu mmoja. Nikishika kitu, nakishika chote. Zamani nikifungua baiskeli ya mtu sili mpaka imesimama. Nikajitazama nikaona, nikioa, mke atanipata wote na ninyi mtaambulia vumbi. Au ninyi mtanipata, na mtoto wa watu akae ndani ananisubiri mpaka nywele ziwe nyeupe. Nikamwambia kweli. Alilia, nikalia. Sasa ana mume mzuri na wajukuu, na nikipita kwao napewa maji ya kunywa."

Wifi alikuwa na neno jingine la utani tayari ulimini. Akalimeza.

Hodi zikaanza. Alikuja mwanamume aliyegombana na ndugu yake juu ya ua wa mpakani, akaeleza tangu babu alipopanda miti. Kapera alimsikiliza chai ikapoa, ikaota utando, yeye hajageuza shingo. Alikuja msichana anayetetemeka kwa ajili ya mtihani. Alikuja mlevi ambaye hakutaka neno lolote, alitaka kizingiti cha kulalia tu. Kapera akamtandikia mkeka, akamsogezea viatu visikanyagwe. Kila mmoja alipewa uso mzima.

Mama Mchungaji akainama akamnong'oneza wifi, "Mume wangu hakuweza hivi. Alikuwa na sikio moja kwa mgeni na jingine kwa mtoto anayelia chumbani. Huyu ana yote mawili."

Mchana akaja mwanamke kijana. Akapiga hodi ya chini, ile ambayo mtu anaomba isisikike.

"Karibu," akasema Kapera.

Yule mwanamke akasimama mlangoni, akamtazama, akatazama ndani pembe hata pembe. "Mama yupo?"

"Hapa hakuna mama, dada yangu. Ila mimi nipo. Ingia."

"Basi. Nitarudi."

Na mguu ukageuka. Wifi anasema aliona shavu la yule mwanamke upande uliokuwa umefichwa na mtandio, limevimba, akajua kwamba huyo hatarudi leo wala kesho.

Mama Mchungaji akainuka. Desturi inasema kaa kama figa. Yeye akainuka, akavuka sebule, akatoka nje. "Mwanangu, mama yupo. Njoo huku." Akampeleka nyuma kwenye tangi la maji. Wakakaa huko muda mrefu. Aliporudi peke yake bega lake la kushoto lilikuwa limelowa.

"Umevunja desturi," wifi akamwambia.

"Imevunjika," akasema, akakaa.

Kapera alikuwa bado amesimama palepale. "Mama," akasema, "huyo ni wa ngapi? Siku ambazo niko peke yangu, wangapi wamefika hapo wakageuka? Hilo huwa linanikaa kifuani. Mimi siwezi kuwa mama, hata nikipikaje."

Kama angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini mtu mwema naye ana makosa yake, na makosa ya mtu mwema mara nyingi ni wema wa kabla ya wakati. Walipokuwa wanaaga jioni, jua bado lipo, Kapera akamsindikiza mjane hadi barabarani akamwambia, "Mama, wakinipa kanisa, usiwe na wasiwasi wa nyumba. Mimi chumba kimoja kinanitosha. Wewe hutahama."

Mama Mchungaji akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Ungenyamaza, mwanangu," akamwambia. "Sasa umenifunga ulimi."

Kapera hakuelewa. Alielewa baadaye usiku ule, na asubuhi alikuja kuomba radhi, lakini neno likitoka si kuku, huliiti likarudi bandani.

Wiki ya pili wakaenda kwa mchungaji kijana. Hapa wifi yangu alitaka sana kuona kasoro, maana alikwisha kumpenda Kapera. Hakuiona. Kijana alikuwa mchangamfu, mikono ya shati imekunjwa, anaosha vikombe mwenyewe mbele ya watu bila kuona haya. Mkewe alikuwa mzito, tumbo limeshuka, lakini anacheka na kila anayeingia. Mume akikosea jina la mtu, mke anamsahihisha kwa jicho. Mume alipoanza kumkaripia mzee mmoja mkaidi, mke akapita nyuma yake na kuweka mkono mgongoni, mkono tu, na sauti ya mume ikashuka. Wifi anasema aliuona ule mkono akamkumbuka kaka yake, yaani marehemu mume wangu. Mimi nikaacha kuchambua maharage kidogo.

Na hapo pia ikaja ile hodi ya chini. "Mama yupo?"

"Yupo, ingia," akasema kijana, na mkewe alikuwa amekwisha kufika.

"Umeona?" wifi akanong'ona.

"Nimeona," akasema Mama Mchungaji. Lakini macho yake yalikuwa kwingine.

Alikuwa anamtazama mtoto wao mkubwa, wa kiume, ambaye bado meno ya mbele hayajang'oka. Tangu asubuhi mama yake alikuwa amempakulia chakula, ikaja hodi, akakipasha, ikaja hodi, akakipasha tena. Sasa mtoto amekaa chini, sahani mapajani, kijiko kinakwenda mdomoni. Hodi! Yule mtoto hakulia. Hakumwita mtu. Aliinuka na sahani yake, akatoka mlango wa nyuma, akaenda kula chakula chake karibu na kamba ya nguo, peke yake, kama mzee aliyezoea. Na mdogo wake, ambaye hata kusema "nataka" hajajua, akapiga kelele kutoka chumbani, "Kaibu!"

Watu wote wakacheka. Mama Mchungaji akageuza uso ukutani.

Baadaye alimuuliza mke, "Mwanangu, wewe umekula?"

"Nitakula wakiondoka, mama."

"Wakiondoka akina nani?"

Yule binti akafikiri. Akacheka kidogo, halafu kicheko kikamkatikia njiani. "Sijui," akasema.

Wakashika njia ya kurudi. Wifi akashindwa kuvumilia. "Haya mama, nani?"

"Wote wazuri. Taabu yenyewe ndiyo hiyo."

"Lakini moyo wako?"

"Moyo wangu una kitanda ndani ya nyumba ile. Moyo wangu usiuulize."

Siku zile maneno yalikuwa mengi. Siku moja Mzee Mbao alikuja kwa wifi kupunguziwa suruali. Wifi amepiga magoti, pini mdomoni, na mzee amesimama juu ya kigoda anahutubia.

"Hii Siku ya Mlango safari hii ni bure," akasema. "Mjane atamtetea Kapera, hilo halihitaji nabii. Nani atasema neno la kujitoa kitandani mwake? Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake."

Wifi akamchoma pini ya kifundo cha mguu, anasema kwa bahati mbaya, nami nimemwachia Mungu hilo. Kwa maana nyuma ya pazia la kujaribia nguo alikuwa Mama Mchungaji, amekuja kupima gauni la kwaya. Akatoka polepole. Mzee Mbao nusura aanguke kigodani.

"Shikamoo, Mama Mchungaji. Mimi nilikuwa nasema tu..."

"Marahaba, Mzee Mbao. Umesema vizuri. Methali ni ya wahenga, si yako." Hakuwa amekasirika. Akamgeukia wifi. "Fundi, chini ya hii meza yako ya kukatia kuna nini?"

"Vipande vya vitambaa, mama. Takataka tu."

"Viondoe."

Jumamosi, mchana kweupe, watu wote wakiwa sokoni na barabarani, mkokoteni ulitoka nyumba ya mchungaji. Juu yake godoro limekunjwa, sanduku, viti viwili, beseni, na koti la marehemu limelazwa juu ya vyote lisikunjamane. Mama Mchungaji anatembea kando, ameshika mguu wa kiti kisidondoke. Waliomuuliza aliwajibu, "Nahama." Waliouliza kwa nini, aliwaambia, "Mtasikia." Sufuria kubwa ya wageni aliiacha, ilikuwa ya kanisa. Na ule mlango wa kijani akaufunga kwa ufunguo mchana, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Jirani mmoja alidhani kuna msiba mwingine.

Usiku ule alilala chini ya meza ya kukatia, miguu imetokeza upande wa cherehani. Wifi alimpa kitanda chake akakataa.

Jumapili baada ya ibada wazee wakakaa. Wifi aliingia naye, ndiye shahidi wa pili. Kapera na mchungaji kijana walikuwa nje, kila mmoja kwenye benchi lake, wanapeana karanga.

Mama Mchungaji hakukaa. Akatoa ufunguo kwenye mkunjo wa nguo akauweka mezani mbele ya Mzee Mbao.

"Mzee wangu, ile ngoma hiyo hapo. Ngozi nimeiachia. Nimehama tangu jana, wala sirudi, apewe huyu au apewe yule. Kwa hiyo mnisikilize vizuri, maana leo sina kitanda cha kutetea."

Mzee Mbao akausogeza ufunguo pembeni kwa kidole.

"Mnauliza mchungaji awe na mke au asiwe naye. Mimi nimekuwa mke wa mchungaji tangu kiuno changu kinashikika kwa viganja viwili, basi niwaambie. Ni kitu kizuri. Mume wangu hakuhubiri hata mara moja kabla sijayasikia mahubiri jikoni. Nilikuwa namwambia, hapa umewachapa mno, hapa umejisifu, hapa nitalala usingizi. Aliudhika, akarekebisha. Mchungaji asiye na mtu wa kumwambia hivyo anaweza kupotea njia huku mnampigia makofi. Na wanawake waliokuja na mambo yasiyosemeka kwa mwanamume, waliyasema kwangu. Mengi nitakwenda nayo kaburini.

"Lakini nilipokuwa nafungua mlango, kuna mtoto alikuwa anachukua sahani yake na kwenda kula nje. Sikumwona. Nilikuwa namtazama mgeni. Nimemwona juzi, kwa kijana wa watu, nikajua kumbe ndivyo alivyokuwa wangu."

Hakulia, anasema wifi. Alifunga vizuri kitambaa chake.

"Kijana yule ni mchungaji mzuri, na mkewe ni mchungaji mzuri zaidi. Mkimwita leo mnaita mmoja, na mnawachukua watano, mmoja hata hajazaliwa. Waacheni kwao wapate pumzi. Mke ajifungue, watoto wale chakula cha moto. Siku yao itafika, na wakija, msimwachie yule binti mlango peke yake kama mlivyoniachia mimi.

"Kapera nimekaa naye kutwa. Sijaona mtu anayesikiliza kama yule. Alichoinyima nafsi yake amekileta chote kwenu, hakubakiza hata cha kujipikia chai. Mlango wake umefunguka kwa wanaume, kwa watoto, kwa walevi. Kwa wanawake umefunguka nusu. Analijua hilo na linamuuma. Ile nusu nyingine si kosa lake. Ni kazi. Mimi niliifanya nikidhani ni ndoa tu, na ndoa ilikuwamo, tena tamu. Lakini kazi ilikuwa ya kanisa. Basi kanisa liifanye. Sisi akina mama tutakaa zamu katika nyumba ile, wawili wawili, mchana kutwa. Mtu akiuliza mama yupo, yupo."

Mzee Mbao akakohoa. "Na huko mbele asije akaharibika, peke yake hivyo? Tusimtafutie hata mchumba?"

"Mzee Mbao, mtu si ubao, useme huu unahitaji mwenzake wa kuungia. Mungu amemwita hivyo alivyo. Wewe ulipoitwa uoe, kuna mtu alikuja kukuzuia?"

"Mama mkwe wake alijaribu!" akasema mzee mwingine kutoka nyuma, na baraza lote likapasuka kicheko, Mzee Mbao mwenyewe wa kwanza, mpaka akatoa leso.

"Na mahubiri?" akauliza akijifuta macho. "Nani atamwambia hapa umetuchapa mno?"

"Nitamwambia mimi. Jikoni. Siku ya zamu yangu."

Wakamwita Kapera ndani wakamwambia amepewa. Hakufurahi kama mtu aliyepewa. Aliutazama ufunguo mezani, akamtazama mjane, akaelewa, uso ukamwanguka.

"Mama, rudi. Nakuomba mbele ya hawa. Vyumba vitatu, mimi ni mtu mmoja."

"Nikirudi, mwanangu, yote niliyosema yatanuka. Watu watasema nilitoka kwa mlango nikaingia kwa dirisha. Na wewe ndiye utakayeipata harufu, kila ukisimama madhabahuni."

"Sasa utaishi wapi?"

"Kwa fundi. Ananihitaji. Vifungo vyake vinadondoka."

Wifi alitaka kubisha habari ya vifungo, akaona si mahali pake.

Nje, mchungaji kijana alipoambiwa, alimkumbatia Kapera, halafu akamwendea Mama Mchungaji na kushika mikono yake yote miwili. Hakuwa na kinyongo. Alisema, "Mama, mke wangu alinituma nikushukuru kwa lile swali lako." Hakusema swali gani, na hakuulizwa.

Zamu wanakaa mpaka leo, anasema wifi. Yeye na goti lake anakaa za Jumanne.

Lakini nataka kumalizia ile Jumapili. Walirudi kwa wifi jua la mchana likiwa kali. Mama Mchungaji akakaa kwenye godoro lake chini ya meza, kitambaa kichwani, viatu miguuni, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Lala kidogo, mama," wifi akamwambia.

"Mchana? Sijui kulala mchana. Sijawahi."

"Vua viatu basi."

"Akija mtu?"

Na kweli akaja. "Hodi hapa!"

"Karibu!" Mama Mchungaji alikwisha kuinuka, akagonga kichwa chake kwenye meza, pwaa, pini zikamwagika.

Wifi akamshika bega akamkalisha. "Mama. Mlango huu ni wangu. Wa kuja hapa anataka suruali. Kaa."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Alikuwa ni Mzee Mbao, lakini hakufuata suruali. Alikuja na mkokoteni, na juu yake mbao nzuri, zimepigwa randa, na fundi seremala wake na nyundo.

"Nasikia mtu analala chini ya meza," akasema bila kumtazama wifi usoni. "Kitanda kitakwisha jua halijazama. Nipigilie hapa hapa nje?"

"Pigilia kule mbali, chini ya ukuta," wifi akamwambia kwa sauti ya chini. "Na nyundo izungushie kitambaa."

"Kuna mgonjwa?"

"Kuna mama."

Aliporudi ndani alikuta viatu vimepangwa pamoja kando ya godoro. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimevuliwa, kimetundikwa kwenye gurudumu la cherehani, na nywele nyeupe, ambazo wifi hakuwahi kuziona, zilikuwa zimelala juu ya mkono wa koti la marehemu. Huko nje mteja mwingine akapiga hodi, kwa sauti kubwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Mama Mchungaji hakuisikia. Alikuwa amelala.